Faili Linalala Wapi? Utatuzi wa matatizo unapoboresha kazi yako mwenyewe

Mara nyingi anayenitafuta ametoka semina. Amefundishwa kaizeni, ile mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogokidogo, amepewa cheti, na mkuu wake amemwambia achague jambo moja la kuboresha katika kitengo chake: malipo ya wasambazaji, mapokezi ya wagonjwa, stoo ya vipuri, ukusanyaji wa maziwa. Baada ya miezi miwili tunakaa naye kwenye baraza pale Ngamiani, Tanga, anafungua daftari, na swali lake nalijua kabla hajalitamka. Amefuata hatua zote, mbona kazi haisogei?

Mbinu zenyewe si ngeni kwetu. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza na 5S, hatua tano za kupanga mahali pa kazi, mwaka 2007, kisha hospitali nyingine za nchi zikafuata, na tangu 2013 Wizara ya Viwanda imekuwa ikizipeleka viwandani kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani. Lakini zilizaliwa mahali tofauti na ofisi ya mtu mmoja. Toyota ilizikuza kwenye mstari wa kiwandani ambapo kitu kilekile kinarudiwa siku nzima. Motorola ilipoanzisha Siksi Sigma, mbinu ya kupunguza kasoro kwa takwimu, mwaka 1986 ililenga kasoro 3.4 katika kila nafasi milioni za kukosea. Wewe unashughulikia mafaili 20 kwa wiki. Ukizichukua mbinu hizo kama zilivyo, zitakusumbua kwa namna zinazofanana mtu kwa mtu, na ndizo nilizozipanga hapa kwa dalili zake.

Kabla ya dalili yoyote, fanya ukaguzi huu mmoja. Sisi wenyewe tunasema kila siku: faili limelala kwa mhasibu, barua imelala masjala. Lichukulie neno hilo kwa uzito wake. Chagua faili moja, au mgonjwa mmoja, au ndoo moja ya maziwa, ukaifuate kwa miguu tangu inaingia mpaka inatoka. Chora safu mbili kwenye daftari, KUGUSWA na KULALA, na kila kituo andika saa. Faili la kwanza nililolifuata hivyo lilikaa ofisini siku 9. Kazi iliyofanyika juu yake, ukijumlisha kila mkono uliolishika, haikufika saa 2. Muda wote uliobaki lilikuwa limelala. Usiendelee kusoma kabla hujafanya hivi, maana karibu kila jibu lililo hapa chini linategemea kujua kazi yako inalala wapi.

Dalili: mradi ulianza kwa kishindo, wiki ya tatu umesimama

Sababu inayoongoza ni upana. "Kuboresha huduma kwa wateja" ni nia njema, lakini haina mahali pa kuishika. Jipime hivi: unaweza kusema kwa pumzi moja unapoanzia na unapoishia? "Kuanzia hati ya madai inapogongwa mhuri mapokezi hadi msambazaji anapopata ujumbe kwamba hela imeingia." Huo ni mradi. Ukishindwa kuusema, ukate, na ukishaukata uukate tena. Malipo ya msambazaji wa aina moja tu, kwa mwezi mmoja, yanatosha kukufundisha.

Inayofuata ni mamlaka. Orodhesha hatua zote, uhesabu zile unazoweza kubadili kesho asubuhi bila kuomba saini ya mtu. Zikiwa chini ya nusu, mradi si wako bado, ni wa mkuu wako. Ama uupunguze hadi kwenye meza zilizo chini yako, ama mkuu awe mwenye mradi kwa jina na wewe uwe mtendaji.

Kisha muda. Watu hupanga kufanya "nikipata nafasi", na nafasi haipatikani. Nusu saa, siku ileile, saa ileile kila wiki, mlango umefungwa. Ikitokea umefanya yote haya na bado umesimama, muulize mkuu waziwazi: "Mkuu, ule mradi bado unauhitaji?" Mara chache utaambiwa hapana, na hapana hiyo itakuokolea miezi.

*Simama hapa:* ukilifuata faili ukakuta malipo yasiyo na viambatisho, saini zisizofanana, au mzigo uliopokelewa kwenye karatasi na stoo haumo, acha kuboresha. Usimhoji mtu, usihamishe karatasi hata moja. Hiyo ni kazi ya mkaguzi wa ndani, na ukiigusa unaweza kuharibu ushahidi, au ukageuka mtuhumiwa wewe.

Dalili: ripoti yako inasema nafuu, watu wanasema hawaioni

Hii ndiyo inayoniletea watu wengi kuliko zote, na ndiyo inayowaumiza, maana mtu amefanya kazi kwa moyo halafu anaonekana mwongo. Tuiendee polepole.

Anza na kipimo rahisi kisichohitaji kompyuta. Hesabu mafaili yote ambayo hayajaisha ofisini sasa hivi, kwenye trei, droo, masjala na kwenye gari la bosi. Sema ni 30. Hesabu yanayoisha kwa siku ya kawaida. Sema ni 5. Gawanya: faili linaloingia leo litatoka baada ya siku 6 hivi za kazi. John Little, mtaalamu wa Marekani, alithibitisha uhusiano huu kihesabu mwaka 1961, na unashika mahali popote ambapo kuingia na kutoka kumetulia, iwe benki, zahanati au gereji. Kama ripoti yako inasema siku 2 na hesabu hii inasema 6, iamini hesabu kwanza, kisha utafute ripoti imepotokea wapi.

Mara nyingi imepotokea kwenye safu ya KUGUSWA. Umepima muda ambao karani anaandika, ukaupunguza kutoka dakika 20 hadi 12, ukafurahi. Lakini msambazaji kule nje anaishi kwenye safu ya KULALA. Kwake yeye dakika 8 zako hazionekani ndani ya siku 9. Pima upya kuanzia anapoleta karatasi hadi anapopata anachongoja, ukihesabu na Jumamosi na Jumapili, kwa sababu deni la dukani halipumziki mwisho wa wiki.

Pengine ni wastani. Mafaili 10: tisa yamechukua siku 2 kila moja, moja limechukua siku 32. Wastani ni siku 5. Hakuna mtu hata mmoja aliyesubiri siku 5! Wewe unasoma tano, wateja tisa wanasema mnaenda vizuri, na wa kumi anapiga simu redioni. Acha wastani. Chukua karatasi ya mraba, ile yenye vijimraba vya kuchorea grafu, weka nukta moja kwa kila faili kwa mpangilio wa tarehe, kisha chora mstari wa katikati ili nusu ya nukta ziwe juu na nusu chini. Walter Shewhart, mtaalamu wa ubora wa Marekani, alianza kuchora kazi ya kiwandani kwa namna ya jinsi hii mwaka 1924, na alichokiona kinatufaa mpaka leo: kuna kupanda na kushuka ambako ni tabia ya mfumo wenyewe, na kuna nukta inayoruka kwa sababu yake mahususi. Ile ya pili ichunguze peke yake. Hiyo ya kwanza haitibiwi kwa kumgombeza mtu, wala haifai kumpongeza mtu kwa ajili yake. Nukta moja iliyoshuka baada ya mabadiliko yako haithibitishi kitu. Zikija nane mfululizo upande mmoja wa mstari, hapo una haki ya kusema kazi imebadilika.

Halafu kuna macho yako. Ukisimama na saa mkononi, watu hubadilika mwendo. Majaribio ya kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ya miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa 1930, ndiyo yaliyolifanya jambo hili lijulikane, ingawa watafiti wa baadaye wamebishana sana juu ya takwimu zake. Mimi sihitaji ubishi huo kuamini kwamba karani anayeangaliwa hachezei simu. Dawa yake ni kuacha mihuri ya saa iseme badala yako. Pima kwa tarehe zilizogongwa kwenye karatasi, za kabla hujaanza na za baada ya kuondoka.

Isiyo ya kawaida sana, lakini nzito, ni pale kipimo kinapogeuzwa lengo. Ukitangaza kwamba kila faili lazima liishe siku 3 tangu lisajiliwe, baadhi ya watu wataacha kulisajili mpaka liwe limekaribia kuisha. Faili sasa linalala kabla ya rejista, mahali usipopima. Linganisha rejista yako na daftari la mlinzi getini au la mapokezi. Tarehe zikitofautiana, usimfokee mtu. Umemwekea lengo bila kumwekea njia, naye amejitafutia njia.

Na mwisho kabisa chunguza chombo. Kwa kazi za kupima uzito, stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani iwe ya mwaka huu. Nimeona mtu akitafuta upotevu wa nyuzi za mkonge mwezi mzima kati ya ghala mbili zenye mizani mbili zisizokubaliana.

*Simama hapa:* namba zako zikianza kutumika kuamua dozi, majibu ya maabara au mtu gani aonwe kwanza na daktari, karatasi ya mraba haitoshi. Mwite mtakwimu na mtaalamu wa fani hiyo.

Dalili: umeharakisha hatua moja, foleni imehamia mbele

Miaka iliyopita nilikwenda shamba moja la mkonge, si mbali na mji, kumsaidia kijana aliyepewa mradi wa ubora. Nyuzi zilikuwa zikitoka na madoa, zinashushwa daraja. Tulisimama kwenye korona, mashine inayochuna majani, tukihesabu. Mzee aliyekuwa akilisha majani alitutazama kwa muda.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mnahesabu nini?"

"Tunatafuta kwa nini nyuzi zinatoka chafu."

"Basi mnahesabu sipo. Nendeni mkahesabu majani yaliyolala uwanjani tangu juzi."

Tulikwenda, na palikuwa na marundo. Mwezi uliotangulia, kijana mwenyewe alikuwa ameboresha ukataji. Wakataji walipangiwa vizuri, trekta likapata ratiba, majani yakaja mengi kuliko zamani. Korona ilikuwa ileile. Jani la mkonge likishakatwa linatakiwa kuchunwa mapema, siku mbili zikipita linakuwa limeanza kukauka na nyama yake inagandamana na uzi. Nyuzi zenyewe ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo kila tani inayolala uwanjani ni kazi kubwa ya watu inayoharibikia kwenye kitu kidogo sana. Alikuwa ameboresha mahali ambapo hapakuwa na shida, na hapo ndipo shida ilipozaliwa.

Kwa dalili hii sababu ni ileile karibu siku zote: kuna kituo kimoja chembamba kuliko vingine, na umepanua kingine. Utakijua kwa macho. Ni kile chenye rundo mlangoni, huku kituo kinachofuata wakikaa kusubiri. Ukishakipata, fuata utaratibu huu na usiruke. Kwanza hakikisha hakisimami bure, wala wakati wa chai, wala kwa kungoja funguo. Pili kiondolee kazi ambayo mwingine anaweza kuifanya. Mhasibu anayerudisha hati kwa sababu haina namba ya mlipakodi anafanya kazi ya mapokezi, basi ukaguzi huo uhamie mapokezi. Tatu, usikilishe zaidi ya kinavyomeza. Kule shambani tulirudisha ukataji ukaenda na mwendo wa korona, na mkuu wa shamba hakupenda hata kidogo kuona wakataji wamemaliza mapema. Nne, ndipo ufikirie kununua mashine au kuajiri.

Kuna wakati kituo chembamba hakitibiki kwa mikono yako. Bandari yetu ya Tanga ilikaa miaka mingi ambapo meli kubwa zilitia nanga nje kwa sababu maji ya gatini yalikuwa mafupi. Mzigo ukishushwa kwenye matishari, ukivutwa hadi gatini, ukiinuliwa tena. Kila kontena liliguswa mara mbili. Huwezi kuponya hilo kwa kupanga makarani wa gatini vizuri zaidi. Ilibidi kina kichimbwe hadi mita 13 na gati la mita 450 lijengwe upya. Ukifika mahali kama hapo, andika ulichokiona, weka namba, mpelekee mhandisi na mwenye bajeti, kisha urudi kwenye sehemu unayoiweza.

*Simama hapa:* usiondoe kinga ya mashine ili kuokoa hatua. Usifungue paneli ya umeme, wala usiongeze kasi ya mkanda kwa sababu "inaweza". Korona haichagui kati ya jani na mkono. Mabadiliko yoyote kwenye mashine ni ya fundi mwenye sifa, na kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 mwajiri anawajibika kwa usalama huo. Mradi wako haumwondolei wajibu.

Dalili: tatizo ulilitatua, limerudi

Hapa nawaomba walete karatasi yao ya "kwa nini mara tano", ile ya kuuliza kwa nini juu ya kila jibu mpaka ufike kwenye chanzo. Naangalia jibu la mwisho. Likiwa ni jina la mtu au tabia ya mtu (mzembe, mvivu, hajali), nimeshapata sababu ya kurudi.

Chukua kituo cha kukusanya maziwa. Tanga ni mkoa wa maziwa, kila mwenye ng'ombe ameshaona ndoo ikirudishwa. Maziwa yamegandamana kwenye kipimo cha alkoholi. Kwa nini? Yamechacha. Kwa nini? Yamefika yakiwa yamechelewa. Kwa nini? Kijana wa bodaboda amechelewa. Wengi huishia hapo: wanamkata hela, wiki mbili anawahi, ya tatu maziwa yanarudishwa tena. Endelea. Kwa nini kijana anachelewa? Anaanza kuchukua kwa mfugaji wa karibu saa 11 alfajiri, anamalizia kwa wa mbali, halafu ndipo anarudi. Ndoo ya kwanza imezunguka naye njia nzima juani. Kwa nini anaanza karibu? Kwa sababu mfugaji wa karibu hukamua mapema na hana pa kuyapoozea. Sasa umefika mahali pa kushika: geuza mzunguko aanzie mbali aje karibu, mwombe mfugaji wa karibu aweke ndoo ndani ya beseni la maji ya kisima, au akamue baadaye. Katika joto letu la pwani maziwa mabichi hayana saa nyingi, na kila saa unayoitoa kwenye safu ya KULALA inaonekana kwenye kipimo. Angalia pia chombo: madumu ya plastiki yenye shingo nyembamba hayasafishiki vizuri ndani, na maziwa ya jana yaliyobaki kwenye kona yanachachusha ya leo hata kijana akiruka kwa ndege. Ndoo za alumini zenye mdomo mpana ni ghali, lakini mkono unaingia.

Utaona sababu zimekuwa mbili na zaidi. Ndivyo kazi halisi ilivyo. "Kwa nini tano" inakupa uzi mmoja tu. Tatizo likirudi mara ya pili, chora mifupa ya samaki aliyotuachia Kaoru Ishikawa, mtaalamu wa ubora wa Japani, mfupa mmoja kwa watu, mwingine vyombo, mwingine njia, mwingine malighafi, na uwaite wanaofanya kazi yenyewe wajaze. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa samaki ana mifupa mingapi.

Kama chanzo ulikipata sawasawa na bado limerudi, basi njia mpya haikuandikwa popote. Ilikaa kichwani kwako, ukaenda likizo. Andika karatasi moja, maneno machache, picha kama zipo, ibandike mahali kazi inapofanyikia na si ndani ya faili la miongozo. Kisha mtu mgeni aifanye kazi kwa kuisoma hiyo tu, wewe ukiwa kimya pembeni. Atakapokwama, karatasi ndiyo yenye kasoro.

Dalili: ofisi inang'aa, kazi bado inachelewa

Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Maneno haya matano ya 5S yametafsiriwa vizuri kiasi kwamba watu huyapenda, na ofisi nyingi husimama kwenye la tatu. Rangi zimepakwa, mistari ya njano imechorwa sakafuni, picha za kabla na baada zimetumwa kwenye kundi la WhatsApp. Safi, lakini faili linalala kwenye trei safi.

Uliza swali moja kwa kila kitu ulichokiseti: kimepunguza utafutaji wa nani? Kama funguo za stoo sasa zinapatikana bila kumpigia mtu simu, 5S yako inafanya kazi. Kama ni vyungu vya maua tu, furahia maua, kisha urudi kwenye safu ya KULALA.

*Simama hapa, na hapa nasisitiza:* kusasambua si kutupa. Kwenye ofisi ya umma nyaraka zinalindwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, na huna ruhusa ya kuchoma faili kwa sababu limejaa vumbi. Mwite afisa kumbukumbu. Kwenye biashara binafsi usiguse nyaraka za kodi kabla mhasibu hajakuambia muda wa kuzihifadhi umekwisha.

Dalili: wenzako wanakubali kikaoni, hawafanyi

Chanzo kinachoongoza ni kwamba hukuwauliza. Ulikuja na jibu. Rudi kwa anayefanya kazi hiyo, umwamkie kwanza, ukae naye saa moja ukimwacha akufundishe, kama yule mzee wa korona. Kinachofuata ni kwamba nafuu yako ni mzigo wake: umefuta fomu mapokezi, sasa dada wa masjala anaandika kwa mkono yale yaliyokuwa kwenye fomu. Mfuatilie jioni, utaona anabaki nyuma wakati wengine wanaondoka. Mrudishie muda wake kabla hujamwomba ushirikiano.

Nyuma ya yote hayo kuna hofu ya kibarua. Mtu akiamini kwamba kazi ikiisha haraka atapunguzwa, ana akili timamu anapoichelewesha, na mimi nipo upande wake. Usiahidi usichokuwa na mamlaka nacho. Mwombe mkuu aseme yeye, mbele ya wote, kwamba muda utakaookolewa utakwenda wapi.

*Simama hapa:* kama mkuu hawezi kusema hivyo kwa sababu kweli anataka kupunguza watu, huo si mradi wa kaizeni tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai taarifa na mashauriano kabla ya kupunguza wafanyakazi. Mpishe afisa utumishi na chama cha wafanyakazi, na usikubali vipimo vyako vitumike kama orodha ya majina.

Dalili: sasa wewe ndiye unayesubiriwa

Fomu ya kupimia, fomu ya mapendekezo, fomu ya kufuatilia fomu. Watu wanakusubiri usaini ndipo waendelee. Chunguza meza yako kama ulivyochunguza za wengine. Kuna karatasi ngapi, na ya chini kabisa ina tarehe gani?

Mbinu imekuwa kubwa kuliko tatizo. Hatua zote za Siksi Sigma kwa ajili ya mafaili 20 ni koti la baridi kwenye ufukwe wa Raskazone. Rudi kwenye mzunguko mdogo ambao Deming, mtaalamu wa ubora wa Marekani, aliufundisha, panga, fanya, kagua, chukua hatua, kwa badiliko moja na wiki moja. Kila fomu uliyoiongeza iulize ni uamuzi gani ulifanyika kwa sababu yake mwezi uliopita. Isiyo na jibu iondoe leo. Inayobaki mkabidhi mwenye kazi: mnunulie karani wa mapokezi kaunta buku moja, umchoree zile safu mbili, ufunge kalamu kwa uzi kwenye meza yake, na karatasi ya mraba ibandikwe ukutani kwake, nukta aziweke yeye.